Mrehani wa Nyuma ya Jiko

Karatasi za serikali zinapoitaja Makurunge, huitaja kwa hekta. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ya Bagamoyo ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya Zanzibar, maarufu kwa jina la RAZABA. Ranchi ikafa. Wakaja Waswidi, kwanza kampuni ya SEKAB na kisha EcoEnergy, na mpango wa miwa ya sukari na ethanoli. Mpango ule ukafutwa mwaka 2016, na miwa iliyokuja kustawi ni ya Bagamoyo Sugar, kampuni ya Bakhresa. Katika hesabu za namna hiyo mrehani hauna nafasi. Nafasi yake ni nyuma ya jiko, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, pamoja na mchaichai, kivumbasi na, kwa mwenye kivuli, mnanaa. Bustani hiyo ya hatua tatu ina nasaba ndefu kuliko ranchi na miwa, na kila mche uliomo ulichaguliwa na mtu aliyejua anatafuta nini.

Mwenyeji wa zamani zaidi ni kivumbasi. Kimeota Afrika hii kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga, na hadi leo hujiotea chenyewe kando ya njia na kwenye mashamba yaliyolala. Watu wa pwani hukichoma kufukuza mbu, hukichemsha kwa mafua, hukisugua mikononi baada ya kuparua samaki. Asiyekizoea hudhani vivumbasi vyote ni kimoja. Sivyo. Baadhi ya miche hunuka karafuu, kwa sababu mafuta yake yana eujeno, ile ile iliyomo kwenye karafuu yenyewe. Mingine ina thimoli, na harufu yake inakaribia ya dawa za kusukutulia. Macho hayakusaidii sana hapo. Unafikicha jani, unanusa, ndipo unajua ni mche upi wa kuchukua mbegu. Ndugu yake wa milimani, ambaye wataalamu wa mimea wamempa jina la Kilimanjaro, ananuka kafuri. Huko Kakamega, Kenya, wanakijiji wanaouzunguka msitu walimlima, na kwa msaada wa taasisi ya icipe ya Nairobi wakakamua mafuta yake wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Makurunge kichaka kama hicho bado hufyekwa na jembe la palizi.

Wageni walikuja kwa pepo za kaskazi. Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, palikuwa na msikiti wa mawe tangu karne ya 13, na mahali penye msikiti na bandari hapakosi mpishi na muuza manukato. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli na kitoweo, na pembeni achari za ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Pilipili ile haikuwa hii ya kichaa tunayoijua sisi. Hii ni ya Amerika, nayo ilivuka bahari baada ya Wareno kuja. Lakini tangawizi mbichi ni ushahidi tosha kwamba miaka karibu 700 iliyopita mlo wa pwani ulikwishanukia viungo vya ng'ambo.

Mrehani nao ulitoka Asia, ukapokewa kwa heshima ambayo hakuna jani jingine lililopata. Rehani imetajwa ndani ya Qur'ani, katika Surat Ar-Rahman na Al-Waqia. Mwanamke wa pwani aliitia kwenye kikuba pamoja na asumini na mkadi, akakichomeka kifuani au nyweleni. Harusi haikukamilika bila harufu hiyo, na kaburi jipya nalo liliwekewa tawi lake. Hapa ndipo uchaguzi wa aina unapoeleweka. Waitalia walichagua mrehani wenye majani mapana na laini, ya kusagwa na kuliwa. Wanawake wa pwani walichagua wenye majani membamba, bua la zambarau na harufu kali inayobaki baada ya jani kunyauka, kwa kuwa kikuba huvaliwa usiku kucha. Hoteli za ufukweni zinapotaka mrehani wa pasta huagiza mbegu ya Kizungu. Kwa mchuzi ni sawa. Kwa kikuba, naona ni majani tu.

Karne ya 19 ilileta watu wenye daftari. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Zanzibar kutoka Réunion, walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 chini ya Padri Antoine Horner, wakapanda minazi na miembe ambayo mgeni bado huonyeshwa. Mwaka 1879 akaja Charles Sacleux, padri aliyekuwa na masikio ya mwanaisimu na macho ya mtu wa mimea. Alikusanya majani, akayakausha, na akawauliza wenyeji wanayaitaje. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939 imejaa majina ya mimea kuliko kamusi nyingi zilizofuata, na wanabotania walimlipa kwa kuiita jamii moja ya mimea Sacleuxia. Waliomtajia majina hayo wengi hawakuandikwa. Afadhali Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, jirani kabisa na Bagamoyo: yeye alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maelezo yake yamo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ambamo maradhi na dawa zimeelezwa na mtu wa ndani.

Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti Amani, Usambara, mwaka 1902, mkurugenzi wake Franz Stuhlmann aliijua vyema historia ya mazao ya wenyeji. Kazi kubwa ya Amani, hata hivyo, ilikuwa mazao ya kusafirishwa, na mti wa kwinini. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga bahari, kwinini ya Amani ndiyo iliyowasaidia askari wao. Majani ya jikoni yalibaki kwa wenyewe, bila bwana shamba na bila bei. Nadhani hiyo ndiyo sababu yamedumu: hayakuwa na soko la kuanguka.

Baada ya Uhuru, serikali iliyageukia kama tiba. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na kikawa taasisi kamili mwaka 1991; sheria ya tiba asili na tiba mbadala ikapitishwa 2002. Halafu ukaja mwaka 2020 na Uviko-19, na nchi nzima ikajifunika mablanketi kujifukiza. Mchaichai, mwarobaini na kivumbasi vilikatwa hadi shina. Mvuke uliwapa nafuu wenye pua zilizoziba. Kwamba unaponya ugonjwa ule, hilo halikuthibitika. Faida moja ilibaki: vijana wa mjini waliouita mchaichai nyasi walijifunza kuupanda.

Na kuupanda ni rahisi. Mchaichai hautaki mbegu. Unang'oa fundo la zamani, unaligawa machipukizi yenye mizizi, unapunguza majani, unapanda masika yanapoanza, hatua moja kutoka shina hadi shina. Mrehani husiwa kitaluni, mbegu zikifunikwa udongo mwepesi tu. Ukifikia shibiri moja ukatwe ncha ili utanue matawi, na maua yaondolewe kila yanapochomoza, isipokuwa kwenye mche mmoja au miwili bora ya kuachia mbegu. Mwenye aina mbili na azitenganishe mbali, kwa kuwa nyuki hawajali aina, na mwaka wa pili utapata chotara isiyonukia kama mama yake.

Kotmiri ndiyo huwashinda wengi wa pwani. Hupandwa Desemba, jua likiwa utosini, ikatoa maua kabla ya majani. Isubiri kipupwe, Juni hadi Agosti. Punje ipasuliwe vipande viwili, maana kila moja ina mbegu mbili, na ipandwe hapo hapo itakapokulia, kwani haipendi kuhamishwa. Mnanaa hupandwa kwa kijitawi chenye vifundo, kwenye kivuli cha alasiri na udongo usiokauka. Udongo wa kichanga wa pwani hauna budi kushibishwa samadi. Ule mweusi wa bonde la Ruvu unataka tuta lililoinuka, la sivyo mizizi itaoza masika.

Mchicha, mnavu na mgagani vimepata watafiti wake Tengeru, Arusha, tangu kituo cha mboga cha kimataifa kilipofunguliwa 1992. Rehani ya kikuba inastahili vivyo hivyo. Maafisa ugani wa Bagamoyo wangeanza na wanawake wazee wa Makurunge, wachukue mbegu na majina kutoka kwao wenyewe, na safari hii waandike pia jina la aliyewapa.