Mwalimu Aliyehesabu Miaka kwa Malaki

Kitabu chenyewe ni chembamba. Ukikianza baada ya chakula cha mchana, utakimaliza kabla ya jioni. Nilikikuta katika maktaba ya chuo cha ualimu nilipokuwa mwanachuo. Ni The Time Machine cha H. G. Wells, kilichotolewa London mwaka 1895. Wakati huo boma la Wajerumani hapa Bukoba, lililoanzishwa na Emin Pasha, lilikuwa na umri wa miaka 5 tu.

Msafiri wa Wells anapanda mashine na kufika mwaka 802,701. Anakuta binadamu wamegawanyika. Eloi ni wadogo, wazuri, wanakula matunda juani na hawajui kazi. Morlock wanaishi mashimoni wakiendesha mitambo, na usiku hupanda juu kuwawinda Eloi na kuwala. Msomaji wa haraka hudhani ni hadithi ya mazimwi. Mimi naiona kuwa ni historia. Mama yake Wells alikuwa msimamizi wa watumishi katika jumba la matajiri, na watumishi walipita katika njia zilizochimbwa chini ya ardhi. Mwanawe akajiuliza: utengano huu ukiachwa uendelee, utafika wapi? Mwishoni msafiri anasonga mbele zaidi ya miaka milioni 30, akute jua jekundu lililochoka na ufuko wa baridi.

Nilichelewa sana kujua kwamba Wells alikuwa mwalimu. Mwaka 1887, akifundisha Wales, aliumizwa mpirani, akatema damu, ikahofiwa ni kifua kikuu. Mwaka uliofuata alitoa hadithi yake ya kwanza ya safari ya wakati. Kijana asiye na hakika ya kufika Krismasi alikuwa akihesabu miaka kwa malaki! Alipona, akaishi hadi mwaka 1946.

Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Wengine waliuita Juliana. Miaka michache baadaye nilikuwa mwalimu mkuu huko Muleba, na nilikuwa na mwalimu kijana aliyekwisha konda. Nilikuwa nimemwazima kitabu kile. Akawasimulia watoto wa darasa la saba habari za msafiri, kisha akawaambia waandike juu ya Muleba ya miaka 1,000 ijayo. Nilimwita ofisini nikamkaripia: mtihani umekaribia, nawe wafundisha ndoto?

"Samahani, Mwalimu Mkuu," akasema, akaenda kuyakusanya madaftari.

Tulimzika kabla ya mtihani. Madaftari niliyasoma baada ya matanga. Wengi waliandika juu ya magari yanayoruka na migomba isiyoshambuliwa na wadudu. Binti mmoja, yatima, aliandika mistari miwili tu: mwaka huo mama yupo jikoni anamenya ndizi, naye anaitwa kwa sauti kwa sababu amechelewa kurudi na maji.

Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkononi. Sikuweka alama yoyote.