Bahari Tumeivuka, Ukuta Umetushinda

Mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash, waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam na Mombasa. Kati ya matukio hayo imepita miaka 130, na swali ni lile lile: waya ukishafika pwani, nani ameandaliwa njia ya kuupokea?

Waya wa 1879 uliishia ofisini. Uliitumikia dola na wafanyabiashara wakubwa. Hakuna aliyetarajia uingie chumbani kwa mwananchi. Mkongo wa 2009 ulikuja na ahadi nyingine, lakini nyumba zetu tumeendelea kuzijenga kana kwamba ahadi hiyo haituhusu.

Nakiri kosa langu. Nilipojenga, nilimwonyesha fundi mahali pa taa na soketi, basi. Rangi ilipokauka ndipo nikakumbuka waya wa intaneti wa chumba cha kusomea. Kwa siku mbili, tindo na nyundo vilibomoa lipu niliyoilipia mwezi uliotangulia.

Wamarekani nao walijifunza kwa kulazimika. Kampuni ya AT&T ilipogawanywa tarehe 1 Januari 1984, zama za kampuni moja kuamua kila kitu, hadi nyaya za ndani ya nyumba, zilifikia ukingoni. Mwaka 1991 vikatolewa viwango vya pamoja vya kutandaza nyaya katika majengo. Msingi wake ni mwepesi: kila waya utoke chumbani moja kwa moja hadi kituo kimoja, wala usizidi mita 90. Fundi makini huongeza la tatu: waya wa mawasiliano usipite bomba moja na umeme.

Msomaji asidhani hii ni anasa ya wenye nacho. Mwenye nyumba anaweza kubomoa ukuta wake, mpangaji hawezi. Mwanafunzi aliyepanga chumba huendelea kununua vifurushi vya simu ilhali mkongo umepita barabarani, hatua chache kutoka mlangoni pake.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zetu wanaotoa vibali vya ujenzi: ramani ikionyesha njia ya maji safi na maji taka, ionyeshe pia njia ya nyaya. Bomba tupu lenye kamba ndani, likiwekwa kabla ya lipu, litawapokea hata wajukuu na nyaya ambazo bado hazijabuniwa.