Uboho wa marehemu waweza kumfaa mgonjwa asiye na ndugu

Uboho ni ute ulio ndani ya mifupa, na humo ndimo damu hutengenezwa. Mgonjwa wa saratani ya damu aliyeshindwa kutibiwa kwa dawa, awe ametoka Nkubu katika Kaunti ya Meru au ng'ambo, huenda akahitaji seli shina, yaani seli zinazozaa damu, za mtu ambaye tishu zake zinalingana na zake.

Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 pekee wa kulingana naye kikamilifu. Boma la zamani la Imenti Kusini lenye watoto wanane, kwa hesabu hiyo, lilikuwa na bahati kuliko la leo lenye wawili. Ndugu akikosekana, hutafutwa mtu baki katika sajili ya kimataifa. Hapo Mwafrika huumia zaidi. Nchini Marekani, Mweusi ana uwezekano wa asilimia 29 hivi wa kumpata mtoaji anayelingana naye kikamilifu. Mzungu ana 79. Tena aliyejisajili aweza kughairi, au asipatikane.

Marehemu haghairi. Watu waliokubali kutoa viungo baada ya kufa wanapotolewa figo na ini, pingili za uti wa mgongo nazo hutolewa, uboho ukakamuliwa na kugandishwa katika nitrojeni ya majimaji, ambamo hudumu kwa miaka. Mwaka 2024 kampuni ya Ossium Health ya Marekani ilitangaza kwamba mgonjwa wa saratani ya damu alikuwa amepandikizwa uboho wa namna hiyo jimboni Michigan. Idadi ya waliotibiwa hivyo ingali ndogo mno.

Afrika Mashariki, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu, ukitolewa na ndugu zao walio hai.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kutoa tishu zake baada ya kufa, kwa wosia au kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Ila figo zipandikizwazo nchini hutoka zaidi kwa jamaa walio hai, na familia nyingi husita kuuzika mwili uliopunguzwa.

Siku hizi madaktari hutumia pia uboho unaolingana nusu, hivyo mzazi au mtoto wa mgonjwa naye hupimwa kabla ya kutafutwa mtu wa mbali.