Mvinyo wa shamba moja: Kwa nini chupa ya Dodoma haitaji kijiji

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MKULIMA wa pamba wilayani Bunda anajua kinachofuata baada ya mzani. Pamba yake humwagwa pamoja na ya jirani, na ikifika kiwandani hakuna awezaye kusema ipi ilitoka shamba lipi. Zabibu za Dodoma nazo kwa kawaida hupita njia hiyo hiyo. Hivyo, mkazi wa Musoma au Butiama anayenunua mvinyo mwekundu wa Dodoma husoma jina la mkoa na kiwanda; mahali zabibu zilipolimwa hapaonekani.

Nchini Chile baadhi ya watengenezaji walichagua njia nyingine. Don Melchor, mvinyo wa kampuni ya Concha y Toro ulioanza na mavuno ya mwaka 1987, hutokana na shamba la Puente Alto katika Bonde la Maipo, chini ya milima ya Andes. Ardhi ya hapo ina kokoto, maji hayatuami, na usiku ni wa baridi, hivyo zabibu huiva taratibu.

Mvinyo wa shamba moja ni ule ambao zabibu zake zimetoka katika shamba linalotajwa, bila kuongezewa za mahali pengine. Hilo halimaanishi kuwa lazima uwe bora. Mwaka ukiwa mbaya, mwenye kuchanganya huziba pengo kwa zabibu za bonde jingine. Mwenye shamba moja hana pa kukimbilia. Faida yake ni kwamba sifa, na bei inayofuatana nayo, hurudi kwenye ardhi inayojulikana.

Sheria ilisaidia. Amri namba 464 ya mwaka 1994 iliainisha maeneo ya mvinyo ya Chile, na chupa inayotaja eneo hutakiwa kuwa na angalau asilimia 75 ya zabibu za hapo. Mwaka huo huo mtaalamu wa Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, aligundua kuwa mizabibu mingi iliyodhaniwa kuwa merlot ilikuwa carménère. Wenye mashamba walikuwa wakiuza wasichokijua.

Tanzania pia ina asilimia 75 yake. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa umekuwa nafuu kwa mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya kiwango hicho. Lakini unafuu huo hulinda zabibu ya nchi, bila kujali kama imetoka Hombolo, Makutupora au Bihawana, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu kwa ajili ya divai ya misa.

Hapo ndipo mkulima mdogo anapoumia. Zabibu haingoji ghalani kama pamba. Ikichumwa, inatakiwa kukamuliwa mapema. Asiye na mnunuzi wala mtambo wa kukamulia mchuzi wa zabibu hupokea bei anayopewa, hata kama shamba lake ni bora kuliko la jirani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Chile haina. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka, mvua zikiwepo, na tena kati ya Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi ambapo zabibu hukusanya sukari vizuri zaidi. Mtengenezaji wa Dodoma atakayeamua kutaja shamba kwenye chupa itampasa ataje pia ni mavuno yapi.