Hiari ya Mpanda Joka: Mahaba ya Wengi katika Riwaya za Pern na Baada Yake

Riwaya ya mahaba inayowahusu majoka na wapandaji wao, hasa ile inayosawiri mapenzi ya jinsia moja na mapenzi ya watu zaidi ya wawili, huchukuliwa kuwa utanzu mchanga. Makala haya yanashikilia kwamba mbegu yake ilipandwa zamani kidogo, tena ikapandwa pamoja na kasoro ambayo waandishi waliofuata wamehangaika kuirekebisha.

Mnamo Oktoba 1967 jarida la Analog la Marekani lilichapisha "Weyr Search", novela ya Anne McCaffrey. Mwaka 1968 novela hiyo iligawana Tuzo ya Hugo na kazi ya Philip José Farmer, na mwaka huo huo ikawa sehemu ya riwaya ya Dragonflight. Mwandishi alisisitiza kuwa kazi yake ni bunilizi ya kisayansi, kwa kuwa Pern ni sayari iliyokaliwa na walowezi kutoka duniani. Wasomaji wengi waliisoma kama fantasia, na sidhani kwamba walikosea.

Joka anapoanguliwa humchagua mwanadamu mmoja, na tangu hapo nafsi zao huungana kimawazo hadi kufa. Majoka wa dhahabu, majike watagao mayai, huchagua wanawake. Majoka wa kijani nao ni majike, ila katika riwaya za awali wapandaji wao ni wanaume. Joka jike anapopaa kujamiiana, ashiki yake huwafurika wapandaji wa pande zote mbili. Matokeo yake kimantiki hayaepukiki: mpanda joka wa kijani hulala na mwanamume mwenzake, na mwenzi huyo aweza kubadilika kila joka anapopaa. McCaffrey alijenga ulimwengu ambamo mambo haya ni desturi, kisha kwa muda mrefu akayagusia kwa mafumbo tu. Katika Moreta (1983) ndipo tunapowakuta K'lon na A'murry, mmoja wa joka wa buluu na mwingine wa kijani, wakiwa wapenzi waziwazi.

Msomaji wetu asikimbilie kuiita hali hii mitala. Mitala ni ndoa. Ina mume mmoja, ina masharti na ina mashahidi. Wapandaji wa Pern hawana mkataba ila ule wa majoka wao.

Hapo ndipo penye tatizo. Hamu ni ya mnyama, na mwanadamu ni chombo chake. Mbinu hii ilimpa kinga mwandishi wa miaka ya 1960, kwa maana hakuna mhusika aliyelazimika kutamka kwamba anataka. Lakini asiyepewa nafasi ya kutaka hana nafasi ya kukataa pia. Lessa haelezwi mapema kwamba joka wake Ramoth atakapopaa na Mnementh, yeye naye atajikuta mikononi mwa F'lar. Baadaye F'lar mwenyewe anakiri moyoni kuwa, majoka wasipohusika, tendo lao halina tofauti kubwa na ubakaji. Riwaya inapita hapo kwa haraka mno.

Jibu kali zaidi kwa kasoro hii halina majoka kabisa. Katika A Companion to Wolves (2007), Sarah Monette na Elizabeth Bear walimwondoa joka wakamweka mbwa mwitu, kiunzi kikabaki kile kile. Isolfr, kijana asiyetamani wanaume, anaungana na mbwa mwitu malkia na kulazimika kukabili atakachodaiwa mnyama huyo atakapopandwa. Anaogopa, anapima, anakubali. Malkia wake anapochagua madume wawili, kundi linaongozwa na wanaume watatu, na ridhaa ya kila mmoja ina gharama inayoonekana. Si kitabu cha starehe, wala hakikukusudiwa kuwa hivyo.

Samantha Shannon alifuata njia nyingine katika The Priory of the Orange Tree (2019). Tané anampanda joka Nayimathun bila ashiki yoyote kupita kati yao, ilhali mapenzi ya Ead na Malkia Sabran yanakua polepole mbali na majoka hao, wanawake hao wawili wakitaka kwa vinywa vyao wenyewe.