Paneli ya Sola ya Kujitengenezea: Inalipa au Hailipi?

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unapungua)

MTANGAZAJI: Wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi, wasomee pia majirani ambao hawakuisikia redio leo.

Leo tunazungumzia paneli ya sola ya kujitengenezea kwa mikono. Mtu akitoa akiba yake akanunua seli, kioo, waya na risasi ya kulehemu, je, pesa yake itarudi? Historia inalo jibu, ila jibu hilo limebadilika kadiri miaka ilivyopita.

Turudi mwaka 1954, mwezi wa nne. Tarehe 25 Aprili, huko New Jersey, Marekani, watafiti watatu wa maabara ya Bell, yaani Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyeshwa kwa umma wakiwa na seli ya silikoni inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Iligeuza takribani asilimia 6 tu ya mwanga ulioipiga. Kwa umeme huo mdogo walizungusha kichezeo cha watoto na kuendesha kirusha matangazo cha redio. Naam, redio ilikuwemo tangu mwanzo.

Siku nne baadaye, tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme la Owen Falls mjini Jinja, pale Mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Leo bwawa hilo linaitwa Nalubaale. Umeme wake ndio ulioiangazia Kampala.

Hebu fikiria: ndani ya wiki moja, njia mbili za umeme. Mwaka ule hakuna ambaye angeichagua sola. Mwaka 1956 sola ya wati moja tu iligharimu takribani dola 300. Taa ndogo ya wati 5 ingehitaji paneli ya dola 1,500! Ndiyo maana kazi kubwa ya kwanza ya seli hizo ilikuwa angani, kwenye satelaiti ya Vanguard 1, mwaka 1958, mahali ambapo hakuna waya unaofika.

Lakini hata hapa duniani kuna mahali waya haufiki. Nyaya za bwawa zilikwenda kwanza mijini na viwandani. Nakivale, moja ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika, ilitambuliwa rasmi mwaka 1960, miaka sita tu baada ya bwawa kufunguliwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi sana usiku wa mkimbizi ulikuwa wa moto wa kuni na koroboi.

(Muziki mfupi)

Sasa tuvuke mpaka twende Kenya, katikati ya miaka ya 1980. Mhandisi Mmarekani, Harold Burris, alishirikiana na mwalimu wa kujitolea, Mark Hankins, kufunga taa za sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Mlima Kenya. Paneli zilitoka ng'ambo. Jambo la kudumu lilikuwa mafunzo: mafundi wa hapo walifundishwa kupima, kuunganisha na kutunza. Baadaye mafundi wa vijijini walifunga sola katika nyumba nyingi za wakulima wa chai na kahawa waliotaka taa na televisheni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Kibera, Nairobi, vijana wa Kibera Community Youth Programme walikwenda hatua moja zaidi. Waliunganisha paneli ndogo kwa mikono yao, za kuchajia redio na simu, wakaziuza kwa watu wasio na umeme.

Je, kazi ile ililipa? Kwa wakati ule, ndiyo. Hata mwaka 2008 bei ya paneli kiwandani ilikuwa karibu dola 4 kwa wati, na paneli ndogo za bei ya mtu wa kawaida hazikuwa nyingi madukani. Tena umeme wa waya nao ulikuwa mashakani. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalipungua sana, na Kampala ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Mwenye duka aliwasha jenereta, asiye na jenereta akafunga mapema. Wakati kama huo, kipaneli chochote kilikuwa mali.

Kisha bei ikaporomoka. Viwanda vikubwa, hasa vya China, vilizalisha kwa wingi hadi bei ya kiwandani ikashuka chini ya nusu dola kwa wati. Hapo ndipo hesabu ya fundi wa mikono ilipogeuka.

(Muziki mfupi)

Msikilizaji, tuifungue paneli tuone kilichomo. Kwanza, hakuna anayetengeneza seli nyumbani. Silikoni huyeyuka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,400, na lazima isafishwe sana. Tunachokiita kujitengenezea ni kuunganisha seli zilizotoka kiwandani.

Seli moja hutoa takribani nusu volti. Ukitaka kuchaji betri ya volti 12, unaunganisha seli 36, moja nyuma ya nyingine kama shanga, upate volti 18 hivi. Kila seli ni nyembamba kama karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ukiigandamiza kidogo, inapasuka. Na kwa kuwa zimefuatana kama shanga, seli moja mbovu huzorotesha mstari mzima.

Adui mkubwa zaidi ni unyevu. Kiwandani, seli hufunikwa kwa plastiki maalumu chini ya kioo, kisha hubanwa kwa joto bila kuacha hewa ndani. Nyumbani tunatumia gundi na ubao. Msimu wa mvua ukifika, maji huingia na viungo hushika kutu. Ubao nao una hatari yake: kiungo kibovu au seli iliyopasuka hupata moto sana, na mbao huungua.

Sasa tupige hesabu. Hizi ni namba za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme nyumbani kwako mna simu mbili, kila moja inachajiwa mara tatu kwa wiki kwa shilingi 500. Hizo ni shilingi 3,000 kwa wiki. Tuseme vifaa vya paneli ya kujitengenezea vimekugharimu shilingi 100,000. Unahitaji wiki 34 ili pesa yako irudi. Mvua ikiiharibu paneli wiki ya 26, umeokoa 78,000. Umepoteza 22,000, na siku zako za kazi hatujazihesabu. Kwa pesa hiyo hiyo, paneli ya kiwandani iliyo halali ikidumu miaka mitatu tu, utakuwa umeokoa zaidi ya mara nne ya ulichotoa.

Kwa hiyo jibu la leo ni hili: kuunganisha paneli kwa ajili ya kujifunza ni jambo jema. Kuweka akiba ya familia humo hakulipi.

Lakini usiitupe risasi yako ya kulehemu. Ujuzi ule ule unalipa mahali pengine. Chuo cha Barefoot, huko Tilonia nchini India, kimewafundisha akina mama wa vijijini kutoka nchi nyingi za Afrika, wengine wasiojua kusoma, kwa miezi sita. Kipo pia kituo cha Barefoot huko Kinyasini, Unguja. Akina mama hao wanajifunza kuunganisha taa, kufunga mitambo ya sola na kuitengeneza inapoharibika. Paneli wanaletewa.

Hapa Kampala, mafundi wa Katwe wamejulikana kwa miaka mingi kwa kukifufua kile ambacho wengine wamekitupa. Angalia mtaa wako: taa ngapi za sola zimelala chini ya kitanda kwa sababu ya waya uliokatika, swichi au betri iliyochoka? Hapo ndipo penye kazi. Mtaji wake ni mita ya kupimia, risasi, waya na uaminifu.

Na kama unanunua paneli, ipime juani kwa mita kabla hujalipa, linganisha na namba zilizoandikwa nyuma yake, na udai risiti yenye dhamana. Betri usiifungue wala kuichoma, na usiiweke anapolala mtoto.

Kaa na familia yako jioni hii, mwandike mnalipa kiasi gani kwa wiki kwa chaji na mwanga. Mkishaipata namba hiyo, muuzaji hatawadanganya kirahisi.



(Muziki wa kufunga)