Visasili na Lugha katika Falsafa ya Schelling

Wataalamu wa Ujerumani wa mwishoni mwa karne ya 18 aghalabu waliviona visasili kuwa ni vazi tu la maana. Christian Gottlob Heyne, aliyefundisha Göttingen, alishikilia kwamba watu wa kale walisimulia habari za miungu kwa kuwa lugha yao ilikuwa changa, haijapata maneno ya kutaja mambo ya dhahania. Kazi ya mfasiri, basi, ilikuwa kulivua vazi hilo ili tukio au fikra iliyositirika ndani yake ionekane. Friedrich Schelling naye alianzia hapo. Makala yake ya mwaka 1793, aliyoyatoa akiwa mwanafunzi wa theolojia mjini Tübingen mwenye umri wa miaka 18, yana athari ya Heyne iliyo wazi.

Mihadhara aliyoitoa utu uzimani, Erlangen mwaka 1821, kisha Munich na hatimaye Berlin alikoitwa mwaka 1841, inaupinga mtazamo huo tangu mizizini. Schelling anauliza swali ambalo waliomtangulia waliliruka: nani aliyevitunga visasili? Ikiwa ni washairi, watu waliowatungia waliamini nini kabla ya hapo? Ikiwa ni taifa zima, ni kitu gani kilicholifanya kuwa taifa kabla halijapata miungu yake? Jibu lake ni kwamba hakuna aliyevitunga, kama vile hakuna aliyeketi akatunga lugha. Taifa, lugha na visasili huzuka pamoja. Uranos, Kronos na Zeus hawakupangwa hivyo na mtu aliyetaka kueleza majira. Kufuatana kwao ni hatua ambazo fahamu ya binadamu ilizipitia kwa kweli. Istiara husema hili ikakusudia lile, bali kisasili hukusudia kile kile kinachokisema. Hali hiyo Schelling aliiita tautegoria, neno alilokiri kulipata kwa Coleridge. Alifika hata kudokeza kwamba lugha yenyewe yaelekea kuwa kisasili kilichofifia.

Dokezo hilo, ambalo Schelling hakulifafanua vya kutosha, ndilo lenye uzito kwa wanaisimu. Miongoni mwa waliokwenda Berlin kumsikiliza mwaka 1844 alikuwamo Max Müller. Mwaka 1856, wakati mwana wa Schelling alipokuwa akianza kuichapisha mihadhara ya marehemu baba yake, Müller alitoa insha juu ya ulinganishi wa visasili iliyoigeuza hoja juu chini: lugha ndiyo iliyotangulia, na miungu ilizuka pale majina ya jua na mapambazuko yalipopoteza maana zake za awali. Kisasili kikawa ni maradhi ya lugha. Kwa kweli huko kulikuwa kumrudia Heyne kwa njia nyingine, maana kisasili kiligeuzwa tena kuwa kosa la usemi.

Kosa hilo likapewa sura ya kisarufi na Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyelieneza jina "Bantu" katika isimu. Katika dibaji ya mkusanyiko wake wa ngano za Wakhoikhoi wa mwaka 1864, alidai kwamba lugha zinazogawa nomino kwa jinsia ya kiume na ya kike huwaelekeza wasemaji kwenye tashihisi, na hivyo kwenye ngano za wanyama na visasili. Lugha za ngeli hazina msukumo huo. Müller aliikaribisha hoja hiyo.

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja, na wanyama wasemao wamo. Isitoshe, Kiswahili hakihitaji jinsia ili kumpa mnyama nafsi. Kiboko, ijapokuwa jina lake lina kiambishi ki-, husemwa ametoka mtoni, wala si kimetoka.